Makapi ya Kiingereza

Jumatano ya kwanza ya mwezi wa saba, saa tisa alasiri, Emiliana alikuwa juu ya mwamba nyuma ya nyumba yake akipepeta alizeti. Mwamba ulikuwa mpana na mtupu, na upepo wa mashariki uliupita bila kuzuiwa na kitu, kwa hiyo nusu ya wanawake wa kitongoji walikuja kupepetea hapo kwa zamu. Siku hiyo zamu ilikuwa yake. Alikuwa ameshajaza gunia moja na nusu, mabega yalimuuma, na vumbi lilikuwa limempaka nyusi.

Damari, binti yake wa kidato cha pili, alirudi kutoka shule, akamwamkia, akaweka daftari la Kiingereza kwenye ungo ili apate mikono miwili ya kujitwisha ndoo ya maji. Emiliana alikuwa anautazama upepo, si ungo. Alirusha vilivyomo kama alivyokuwa akirusha tangu asubuhi.

Daftari likapanda, likafunguka, likashuka. Mbegu zilirudi kwenye ungo, makapi yakaondoka na upepo, na pamoja na makapi zikaondoka herufi. Zilitangulia k chache, zikafuata gh nyingi zilizoshikana mbilimbili, kisha b, w na kundi kubwa la e ndogo ndogo ambazo zilikuwa nyingi kuliko zote. Zilivuka mwamba kwa utulivu na kwenda kunasa kwenye uzio wa minyaa wa jirani, Mzee Alute. Emiliana hakushangaa. Kitu chochote ukikipepeta hutoa makapi, na daftari la sekondari lililoandikwa miaka miwili lisingekosa ya kwake.

Aliliokota, akalikung'uta, akalitazama ndani. Yeye alikuwa amemaliza darasa la saba na alisoma Kiswahili vizuri, ila Kiingereza kilimshinda tangu zamani kwa sababu kilikuwa na herufi zinazoingia ndani ya neno bila kupiga hodi na kukaa humo bila kusema lolote. Sasa hazikuwepo. Zilizobaki zilikuwa zimesogeleana kama watu kwenye benchi mwenzao anaponyanyuka, na zile zilizozoea kujifanya herufi nyingine zilikuwa zimeacha. Palipokuwa na *knife* paliandikwa naif. Palipokuwa na *night* paliandikwa nait. Emiliana alisoma ukurasa mzima kwa sauti, na Damari, ndoo ikiwa kichwani, alisimama kumsikiliza.

"Mama, umesoma vizuri kuliko kiranja wetu," alisema.

Ilikuwa faraja, na nyumba ile ilihitaji faraja. Sekondari ya kata ilikuwa mwendo wa saa moja kwa miguu, upande wa Ihanja, na Damari alikuwa akirudia kidato cha pili. Mtu akianguka mtihani wa taifa mara ya kwanza anarudia darasa. Akianguka mara ya pili anakabidhi dawati. Edward, mume wa Emiliana, alikuwa ameshasema kwamba ikifika huko binti atakwenda Kintinku kwa shangazi yake Evodia, akalee watoto na kuchunga ng'ombe. Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayepanga shamba lipi lilimwe kwanza, na kwa Emiliana hilo lilikuwa baya zaidi, maana hasira hupoa.

Damari hakuwa mvivu. Alikuwa na sikio la ajabu. Alichosomewa mara mbili alikirudia chote, kuanzia nukuu za Historia mpaka za Baiolojia, ukurasa baada ya ukurasa, huku akisonga ugali. Shida ilikuwa kalamu. Alipoandika alichokisikia, karatasi ilirudi nyekundu. Kila Ijumaa Mwalimu Kefa, aliyefundisha Kiingereza, aliwasomea maneno ishirini, na aliyekosa neno aliandikiwa neno hilo kwenye kipande cha boksi, akavalishwa shingoni kwa kamba ya katani mpaka Ijumaa nyingine. Damari alikuwa amevaa *Wednesday* kwa wiki tatu mfululizo. Wanawake kisimani walianza kumwita Jumatano, wakicheka bila ubaya, naye alicheka nao, kisha akabadilisha saa ya kuteka maji.

Mwalimu Kefa alilipokea lile daftari Alhamisi na kulitazama kurasa mbili. Alikuwa mtu mpole mwenye kikohozi cha chaki, na yeye pia hakushangaa. Alikuwa amefundisha miaka kumi na tisa. Alisahihisha maneno yote kuwa makosa, halafu Jumamosi akaendesha baiskeli mpaka kwa Emiliana kumweleza.

"Mama Damari, hizo herufi ulizopeperusha ni za kweli," alisema baada ya kupewa kigoda. "Zamani zilikuwa zinasemwa. Zilikufa, lakini hakuna aliyefuta majina yao kwenye daftari la mahudhurio."

"Kwa nini hawakufuta?"

"Nani afute? Kiswahili kina baraza. Kiingereza hakina mwenyewe. Wenyewe kwa wenyewe huko Uingereza na Marekani wamejaribu. Wengine walipendekeza herufi zisizosemwa ziondolewe kidogo kidogo. Wengine wakatunga alfabeti mpya kabisa. Tulisomeshwa chuoni. Imeshindikana."

"Walipepeta?"

Mwalimu Kefa alifikiri. "Hapana," alisema. "Walifanya mikutano."

Basi Emiliana na wenzake wakapepeta. Hawakumwomba mtu ruhusa, kwa kuwa kazi ya ungo haikuwahi kuombewa ruhusa na mtu. Belinda, ambaye mwanawe Calist naye alikuwa akiburuza kidato cha pili, alileta madaftari manne. Wengine wakaleta kamusi, wakaleta vitabu vya kiada vilivyoazimwa shuleni. Upepo wa mwezi wa saba haukuwaangusha. Kamusi ilipoteza uzito wake karibu theluthi, na kitabu cha Baiolojia kilitoa gh chache kuliko walivyotarajia ila kilitoa p nyingi za mwanzo wa neno, ambazo hakuna aliyejua zilikuwa zinafanya nini pale. Kufikia Nanenane watoto wote wa kidato cha pili walikuwa wakisoma Kiingereza kama wanavyosoma tangazo la mnada.

Aliyelalamika alikuwa Mzee Alute. Herufi zilikuwa zimerundikana kwenye minyaa yake mpaka magotini, na mbuzi wake, ambao hawachagui, walikuwa wamezila. Sasa walikuwa kimya. Walifungua midomo, wakanyoosha shingo, mbavu zikatikisika, na hakuna sauti iliyotoka. Jogoo naye, aliyekuwa akidonoa zile e, alipanda juu ya kichuguu alfajiri akafanya kila kitu isipokuwa kuwika, na Mzee Alute alichelewa Misa ya kwanza Jumapili mbili.

"Mimi sidai fidia," alimwambia Emiliana kwa Kinyaturu, kisha akarudia kwa Kiswahili ili Belinda naye asikie vizuri. "Lakini mbuzi asiyelia anakufa korongoni hujui."

Emiliana alimwomba radhi, akaahidi kuja kuzoa. Alipokwenda na gunia aliona jambo jingine. Pale kwenye lambo, ambapo tope lilikuwa limekauka kidogo, kwato za mbuzi zilikuwa zimeacha maandishi. Kila mbuzi alipopita palikuwa na mstari, na mstari ulikuwa wa Kiingereza, na kila herufi isiyosemwa ilikuwa mahali pake. Mwalimu Kefa aliitwa kuangalia. Alizunguka lambo lote na kalamu yake nyekundu, akiinama na kuinuka, na hakukuta kosa.

"Wanajua wanachoandika?" Emiliana aliuliza.

"Hapana," alisema Mwalimu Kefa. "Lakini ningewapa tisini na tano." Alisema hivyo kwa huzuni, akapanda baiskeli yake.

Habari za vitabu kupepetwa zilifika wilayani, na katikati ya mwezi wa nane akaja afisa mmoja, mtu wa shati jeupe, na ukaitishwa mkutano wa wazazi kwenye darasa la kidato cha pili. Wazazi walibanana kwenye madawati pamoja na watoto wao. Juu ya mlango kulikuwa na kibao kinachokataza lugha yoyote isipokuwa Kiingereza, kwa hiyo wazazi wengi walisalimiana kwa vichwa. Mwenyekiti wa kijiji aliomba kanuni ilegezwe kwa saa mbili, na mkuu wa shule akailegeza kwa wazazi tu, si kwa wanafunzi wala walimu.

Belinda alitoa hoja. Alisema vitabu vimekuwa vyepesi, watoto wanasoma, na wao kama wazazi wako tayari kupepeta vitabu vya kata nzima, hata vya wilaya, ilimradi viletwe kabla upepo haujageuka. Serikali isaidie jambo moja tu: mtihani usahihishwe kufuata tahajia iliyopepetwa. Makofi yakapigwa. Afisa akaandika.

Ili aone kwa macho yake, Damari akaitwa mbele. Akapewa kitabu cha Baiolojia, akafungua katikati, akasoma ukurasa mzima. Alisoma kwa sauti ambayo darasa lile halikuwahi kuisikia kwake, ya wazi na ya kwenda mbele, haikukwama hata mara moja. Edward, ambaye alikuja kwa shingo upande na kukaa karibu na dirisha, alivua kofia. Emiliana alimwona, akajiambia kwamba Kintinku imekwisha.

Makofi yalipotulia Mzee Alute alinyoosha mkono. Alikuwa amealikwa kama mzazi aliyeathirika.

"Mwanangu amesoma vizuri sana," alisema. "Sasa, imesema nini?"

Damari alitazama ukurasa. Alitazama tena kwa muda, kana kwamba kulikuwa na herufi iliyosahaulika kupepetwa. Halafu akatikisa kichwa. Mzee Alute akamgeukia Calist, na Calist akatazama dawati. Akawageukia wanafunzi wote mmoja mmoja, kwa adabu, kama mtu anayeulizia mbuzi aliyepotea, na hakuna aliyejua. Wote wangeweza kuusoma ule ukurasa. Mwalimu Kefa alikuwa amesimama ukutani. Yeye alijua, na angeweza kueleza kwa Kiswahili kwa dakika mbili, lakini kibao kilikuwa juu ya mlango na afisa alikuwa ameshika kalamu. Alieleza kwa Kiingereza. Wanafunzi walimsikiliza kwa heshima, na wazazi pia.

Afisa alisema swali la mzee ni zuri na limepokelewa. Kuhusu hoja ya tahajia, alisema mtihani ni wa taifa, utatungwa na kusahihishwa kama siku zote. Kuhusu vitabu, alisema hiyo ni mali ya umma, na herufi zirudishwe zilipotolewa kabla ya mwezi wa tisa kwisha.

Nje, wakati watu wanatawanyika, Emiliana alimfuata Mwalimu Kefa alipokuwa anapiga pampu gurudumu la baiskeli.

"Mwalimu, ule ukurasa ulikuwa unasema nini?"

"Ulikuwa unaeleza mbegu inavyoota," alisema bila kuinua uso. "Kwamba inahitaji maji, hewa na joto."

Emiliana alisimama pale. Humo darasani walikuwa wametoka wakulima arobaini. Damari mwenyewe alikuwa amepanda mbegu tangu akiwa na miaka mitano, na alijua kwa kidole tu kama udongo umepoa mno. Emiliana alitaka kucheka, ila kilichomjia hakikuwa kicheko, na alitembea saa nzima mpaka nyumbani akiwa nyuma ya mume wake.

Herufi zikazolewa. Wanawake walizikusanya kwenye minyaa, kwenye mashina ya migunga, kwenye paa la kanisa, zikajaa magunia mawili na debe. Lakini kuzirudisha kulishindikana. Ukiibandika k mbele ya neno kwa uji wa mahindi, inang'ang'ania nusu saa kisha inaanguka, au inaingia katika neno lisilo lake. Mkuu wa shule alijaribu kwa gundi ya ofisi akaharibu kamusi nzima. Mwishowe shule iliazima vitabu vya shule nyingine ambavyo havijapepetwa, boksi zikarudi shingoni, na magunia yakabaki kwenye ghala la Emiliana, kwa kuwa mwamba ulikuwa wake.

Ikafika mwezi wa kumi. Joto lilipanda, upepo ukaanza kubadilika. Damari alikuwa akisoma nje chini ya upenu, akirudia nukuu zote kwa sauti bila kukosa neno, kisha akiziandika na kuzikosa. Zilikuwa zimebaki siku mbili mtihani uanze alipoingia jikoni, akakaa karibu na mama yake aliyekuwa anachambua mboga za mlenda.

"Mama, nipikie zile," alisema.

Emiliana hakuuliza zipi. "Umewaona mbuzi wa Mzee Alute?"

"Nimewaona. Na lambo nimeliona."

"Sauti haijawarudia mpaka leo."

"Mzee anasema majani mabichi yatawarudishia, mvua ikinyesha." Damari alichukua jani la mlenda, akalichana katikati. "Mama, mimi shuleni nimeongea mara ngapi tangu kidato cha kwanza? Kiswahili ni fimbo. Kiingereza nikikosea wanacheka. Mara moja tu niliongea, siku ile ya mkutano, na hata siku ile sikujua nasema nini."

"Na hapa nyumbani?"

Damari alichukua jani jingine. "Hapa nyumbani nitaandika," alisema. "Kiswahili sikosei."

Emiliana alimweleza Edward jioni hiyo walipokuwa wanafunga mifugo. Edward alisikiliza mpaka mwisho. Alisema kwamba wapo watu wengi wanaoongea toka asubuhi mpaka jioni na hawana cheti. Kisha akaenda kuangalia komeo la zizi ambalo alikuwa ameshaliangalia. Emiliana alimwona amelishika muda mrefu, akajua kwamba na yeye anaogopa, na kwa mara ya kwanza mwaka ule akamhurumia.

Asubuhi ya mtihani alipika uji wa ulezi. Alichota vibaba viwili kutoka kwenye gunia, akapembua changarawe na miba ya minyaa, akazitia herufi kidogo kidogo ili zisishikane madonge. Zilielea juu kwanza, halafu zikalainika. Damari alikuwa ameshavaa sare. Alikoroga, akaonja, akasema, "Mama, ongeza sukari." Emiliana akaongeza. Damari akanywa bakuli lote, akafuta mdomo, akafungua kinywa kuaga, na kuaga kwenyewe hakukusikika. Alitabasamu kidogo, kama mtu aliyeteleza mbele za watu, akachukua kalamu zake akaenda.

Mara nyingi baadaye Emiliana alifikiria hiyo sukari. Alitamani angalau asubuhi ile angekuwa ametia ya kutosha tangu mwanzo, binti yake akapata nafasi ya kusema kitu kingine.

Damari alifaulu. Matokeo yalipotoka mwezi wa kwanza, jina lake lilikuwa la tatu kishule, jambo ambalo halikuwahi kumtokea mtu wa kitongoji kile. Kila kitu alichokuwa amekishika kwa sikio kilikuwa kimeshuka kwenye karatasi na herufi zake zote, zinazosemwa na zisizosemwa. Edward alichinja jogoo, si yule wa Mzee Alute. Neno Kintinku halikutajwa tena. Mvua zilikuwa zimenyesha vizuri tangu Desemba, majani yalikuwa yameota mpaka kwenye nyufa za mwamba, na mbuzi wa Mzee Alute waliyala, wakanenepa, wakaendelea kuwa kimya.

Nyumbani walizoea. Damari aliandika kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni: maji yamechemka, kuku ametaga, shangazi amepiga simu. Aliandika vizuri sana, kwa mwandiko wa duara. Emiliana alijifunza kuinua kichwa kila baada ya muda akiwa na kazi, kwa kuwa hakuna mtu ambaye angemwita. Akiwa shambani aligeuka nyuma kila mstari mmoja. Jirani walidhani amepata ugonjwa wa shingo.

Shuleni hawakujua. Mwezi wa pili wazazi waliitwa kupokea taarifa za maendeleo, na mwalimu wa darasa, kijana mpya kutoka chuo, alisoma ya Damari kwa sauti mbele ya wote. Mahudhurio mazuri. Nidhamu ya hali ya juu. Tangu Novemba hajakamatwa hata mara moja akitumia Kiswahili katika eneo la shule, na kwa hilo anapewa cheti cha mfano bora wa lugha. Wazazi walipiga makofi. Damari alikwenda mbele kupokea cheti, akafungua mdomo kushukuru, mwalimu akamshika mkono na kumwita anayefuata.

Mwalimu Kefa hakupiga makofi. Alikuwa amekaa nyuma, anatazama viatu vyake. Mkutano ulipokwisha alimfuata Emiliana mpaka getini, akasimama naye, akakohoa.

"Mimi nilijua tangu wiki ya kwanza," alisema. "Nilimuuliza swali."

"Ukafanya nini?"

"Nikamuuliza mwingine," alisema Mwalimu Kefa. "Na yeye hakujibu. Ikaonekana ni kawaida."

Emiliana hakumlaumu kwa sauti. Alimlaumu moyoni, akajilaumu na yeye, na lawama zote mbili alizibeba njia nzima pamoja na kile cheti, ambacho aliomba akibebe ili kisikunjwe.

Calist wa Belinda ndiye aliyekuwa ameanguka. Ilikuwa mara yake ya kwanza, kwa hiyo alikuwa amerudishwa kidato cha pili na boksi lake shingoni. Jumamosi baada ya mkutano, asubuhi, Belinda alikuja akiwa ameshika sufuria yenye mfuniko. Alipiga hodi, akakaribishwa, akauliza habari za mashamba, za kunde, za mguu wa Edward. Sufuria akaiweka kwenye mapaja.

"Mama Damari, sijaja kukuzungusha," alisema. "Nimekuja kuomba zile. Za mtoto mmoja tu. Ili aanze kuzizoea mapema."

Damari alikuwa anafagia uani. Alisikia. Aliacha ufagio, akaingia, akasimama mbele ya Belinda, akaanza kusema. Alisema kwa muda mrefu. Mikono ilikwenda, mishipa ya shingo ilisimama, macho yalijaa machozi, na kilichosikika chumbani kilikuwa pumzi tu na nzi mmoja dirishani. Belinda alisubiri kwa adabu mpaka amalize, kama mtu anavyosubiri sala ya dini nyingine. Damari alipoona hivyo alikimbilia jikoni, akarudi na kaa la jana, akaandika ukutani, juu kidogo ya kichwa cha mgeni, kwa herufi kubwa: ASILE.

Belinda aligeuka, akaisoma. Ilikuwa Kiswahili na alielewa vizuri.

"Wewe umeshavuka, mwanangu," alisema kwa upole. "Ndiyo maana unaweza kusema hivyo."

Akamgeukia Emiliana na kufunua sufuria. Emiliana alitazama ukuta, akamtazama binti yake, ambaye sasa alikuwa ameshusha mikono na vidole vyake vilikuwa vyeusi. Alitafuta la kumwambia Belinda. Kila alilolipata lilikuwa na maana moja tu, kwamba mtoto wake yeye alistahili na wa mwenzake hakustahili, na hilo hakuwa na uso wa kulitamka mbele ya mwanamke aliyepepeta naye bega kwa bega. Alinyanyuka akaenda ghalani. Alifungua gunia, akachota vibaba viwili, akapembua miba ya minyaa mwenyewe, kwa uangalifu, kwa sababu Calist alikuwa na koo dogo.

Alipotoka, Damari alikuwa amekaa kizingitini na uso wake ameuweka magotini. Kwenye njia ya kutoka kisimani walikuwa wanakuja wanawake wengine, mke wa fundi cherehani akiwa mbele, kila mmoja na chombo chake. Emiliana aliwahesabu kwa macho, akalitazama gunia, akawaambia wapange mstari.